Kibali cha Bastola Kikifika Mpakani mwa Jimbo

Oktoba 2013, mama mmoja kijana wa Philadelphia, mlezi wa watoto wawili, aliingia New Jersey akiendesha gari lake mwenyewe. Kutoka Pennsylvania hadi New Jersey ni kuvuka Mto Delaware tu. Askari alimsimamisha kwa kosa la barabarani. Yule mama akamweleza kwamba ana bastola na ana kibali cha kuibeba. Hakuficha kitu. Kibali chake kilikuwa halali, kimetolewa na Pennsylvania, na yeye hakuwa na rekodi ya uhalifu. Alikamatwa, akawekwa mahabusu, kisha akafunguliwa mashtaka chini ya sheria ya New Jersey inayodai kifungo cha lazima kisichopungua miaka 3 na nusu. Baada ya kelele nyingi za vyombo vya habari, mwendesha mashtaka alikubali kumwondoa kwenye njia ya kifungo, na Aprili 2015 Gavana Chris Christie akampa msamaha kamili.

Aliamini kwamba karatasi inayomruhusu kubeba silaha upande mmoja wa mto inamruhusu na upande wa pili. Imani hiyo ni ya kawaida mno Marekani, hata kwa waliozaliwa humo. Leseni ya udereva ya Texas humfikisha mtu New York bila swali. Ndoa iliyofungwa Nevada ni ndoa kila mahali. Kwa nini kibali cha bastola kiwe tofauti? Kwa sababu kubeba silaha hadharani ni jambo ambalo kila jimbo limejiwekea lenyewe, chini ya mamlaka yake ya polisi, na mahakama hazijawahi kusema kwamba jimbo moja linalazimika kuheshimu kibali cha jingine. Katika hili kibali kinafanana zaidi na leseni ya uwakili: kina nguvu pale kilipotolewa, na kwingine kinasubiri hisani ya mwenyeji.

Msomaji aliyekulia Nakuru au Mwanza ana sababu ya kushangaa. Kenya ina sheria moja ya silaha na bodi moja ya leseni kwa nchi nzima. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015, nayo haibadiliki mtu akitoka Mwanza kwenda Morogoro. Marekani ina majimbo 50, pamoja na mji mkuu wenye sheria zake, na kila moja limejibu swali hili kwa namna yake.

Majibu hayo yamebadilika sana katika miaka 40. Zamani majimbo mengi yalikuwa yakikataza kubeba bastola iliyofichwa, au yalimwachia mkuu wa polisi wa eneo aamue nani anastahili. Vermont peke yake haikuwahi kudai kibali. Mwaka 1987 Florida ilipitisha sheria iliyosema kwamba mtu mzima asiye na kosa la jinai, aliyepata mafunzo na kulipa ada, lazima apewe. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. Mwaka 2003 Alaska ikaenda mbele zaidi na kufuta ulazima wa kibali, Arizona ikafanya hivyo mwaka 2010, na hadi katikati ya 2024 majimbo 29 yalikuwa hayamdai mtu mzima anayeruhusiwa kumiliki silaha kibali chochote ili aibebe. Upande wa pili, Illinois ilikataza kabisa hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho ilipoilazimisha kubadilika Desemba 2012. New York iliendelea kudai mwombaji athibitishe haja maalumu ya kujilinda, hadi Mahakama ya Juu ilipoiangusha sheria hiyo Juni 2022, kwa kura 6 dhidi ya 3, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Clarence Thomas.

Wengi walidhani hukumu hiyo imemaliza mchezo, lakini haikugusa suala la kutambuana. Ilisema jimbo haliwezi kumnyima raia wa kawaida kibali kwa sababu tu hakuonyesha haja ya pekee. Haikusema New York ikubali kibali cha Georgia. California, New York, New Jersey, Illinois, Hawaii, Maryland, Massachusetts, Connecticut, Rhode Island na Oregon, pamoja na jiji la Washington, kwa ujumla hazitambui kibali cha jimbo jingine. Mgeni anayetaka kubeba huko anatakiwa kuomba cha huko, pale ambapo milango ya kuomba ipo. Tangu 2022 mahakama zimeanza kuisukuma milango hiyo. Mwaka 2025, kwa mfano, mahakama ya juu kabisa ya Massachusetts ilisema utaratibu wa zamani wa jimbo hilo wa leseni za wasio wakazi, uliompa ofisa uhuru wa kukataa apendavyo, ulivunja Katiba.

Katika tofauti hizi za majimbo ndipo ilipozaliwa desturi ya kukusanya vibali. Majimbo kadhaa, yakiwemo Utah, Florida, Arizona, Virginia na New Hampshire, hutoa kibali hata kwa mtu asiyeishi humo. Cha Utah kimependwa miaka mingi. Mafunzo yake yanaweza kufanyika nje ya Utah mbele ya mwalimu aliyeidhinishwa, hayamlazimu mwanafunzi kufyatua risasi hata moja, na kibali chake hudumu miaka 5. Cha Florida hudumu miaka 7. Mtu wa Texas akiwa na cha kwake, akaongeza cha Utah na cha Florida, anatandaza ramani yenye majimbo zaidi ya 30. Ndiyo maana hata majimbo yaliyofuta ulazima wa kibali, kama Texas mwaka 2021 au Florida yenyewe mwaka 2023, bado yanaendelea kutoa vibali. Wakazi wake hawavihitaji nyumbani, wanavihitaji safarini.

Hata hivyo ramani hiyo ina mashimo, na mashimo yenyewe hayaonekani kwa mtu anayehesabu idadi ya kadi kwenye pochi. Colorado na Michigan zinatambua kibali cha nje pale tu mwenye nacho anapokuwa mkazi wa jimbo lililokitoa. Mtu wa California mwenye kibali cha Utah, akifika Denver, ni kama hana kitu. Mtu wa Vermont yuko pabaya zaidi. Jimbo lake, lenye uhuru mkubwa wa kubeba, halitoi kibali cha aina yoyote, kwa hiyo hana cha kwao cha kuonyesha, na akijaziwa vya New Hampshire na Florida bado Michigan haitamkubali.

Kwa nini majimbo yaweke sharti la ukazi? Philadelphia inaeleza vizuri. Kwa miaka kadhaa, wakazi wa jiji hilo walionyimwa kibali na polisi wao waliagiza cha Florida kwa posta, na kwa kuwa Pennsylvania ilikuwa na mkataba na Florida, wakatembea na bastola katika mitaa ileile waliyokataliwa kuibeba. Februari 2013 Mwanasheria Mkuu wa Pennsylvania, Kathleen Kane, alibadilisha mkataba ili vibali vya Florida vitambuliwe kwa wakazi wa Florida tu. Watu waliokuwa halali walipoteza ruhusa hiyo, na silaha zao hazikuwa zimesogea hata hatua moja. Nakubaliana na sababu ya uamuzi ule. Polisi wanaomfahamu mtu, wenye kumbukumbu za ugomvi wa nyumbani kwake ambao haukufika mahakamani, wana habari ambazo ofisi iliyo umbali wa maili 1,000 haina. Lakini pia najua kwamba uhuru wa polisi kukataa umewahi kutumika dhidi ya watu weusi na maskini kwa vizazi, na anayeusifu bila kulitaja hilo hajasema kweli yote.

Virginia ilitoa somo jingine. Desemba 2015 Mwanasheria Mkuu Mark Herring alitangaza kwamba jimbo litaacha kutambua vibali vya majimbo 25, kwa hoja kwamba masharti yao ni hafifu kuliko ya Virginia. Mwezi uliofuata Gavana Terry McAuliffe akafikia mapatano na wapinzani wake bungeni, na kufikia Julai 2016 Virginia ikawa inatambua vibali vya majimbo yote. Ndani ya miezi michache msafiri yuleyule, mwenye kadi ileile, alitoka kuruhusiwa, akatishiwa kukatazwa, akarudi kuruhusiwa. Kutambuana ni uamuzi wa kisiasa, na ofisa mmoja mwenye kalamu anaweza kuugeuza kabla safari yako haijaisha. Ndiyo maana siamini ramani zilizochapishwa kwenye vipeperushi vya maduka ya silaha. Tarehe ya chini ya ukurasa ina uzito kuliko rangi zote zilizo juu yake.

Hata pale kibali kinapotambuliwa, anayesafiri nacho anafuata sheria za mwenyeji, si za kwao. Texas inamruhusu mwenye duka kumzuia mwenye kibali kwa bango lenye maneno maalumu ya Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zenye urefu wa angalau inchi moja. Kwingine bango halina nguvu ya kisheria mpaka mwenye mahali akuambie kwa mdomo utoke. Michigan na North Carolina zinakutaka umwambie askari mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba una silaha. Kwingine huna wajibu huo mpaka aulize. Magazini ya risasi zaidi ya 10, ya kawaida kabisa Tennessee, ni kosa New Jersey. Colorado na Illinois zimeweka ukomo wa 15 kwa bastola. Mtu anaweza kuwa na kibali sahihi mfukoni na kosa la jinai kiunoni.

Kuna sheria moja ya shirikisho ambayo wengi hawaijui, na ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kuwa na vibali kadhaa. Sheria ya mwaka 1990 ya maeneo ya shule, iliyoangushwa na Mahakama ya Juu mwaka 1995 na kurudishwa na Bunge mwaka uliofuata kwa marekebisho, inakataza kuwa na bunduki au bastola ndani ya futi 1,000 za shule, yaani karibu mita 300. Inamwacha huru mwenye kibali, lakini kibali hicho kiwe kimetolewa na jimbo ambamo shule ipo. Kutambuliwa hakutoshi. Kuishi katika jimbo lisilodai kibali nako hakutoshi. Chora duara la mita 300 kuzunguka kila shule ya mji wowote, uone ni barabara ngapi zinabaki nje. Mashtaka ya kosa hili peke yake ni nadra, lakini lipo kwenye vitabu, na anayebeba bastola Houston bila kibali kwa kuwa Texas haikidai tena anapita karibu na shule kila siku.

Vipi basi anayepita tu, asiyetaka kubeba, ila anasafirisha silaha kutoka nyumbani hadi anakokwenda? Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inamlinda, kwa masharti. Awe na haki ya kuwa nayo kule atokako na kule aendako. Silaha iwe haina risasi ndani. Silaha na risasi visiwe mahali mkono wa dereva au abiria unapofika. Kama gari halina buti lililotengana na viti, viwe kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli, na kidroo cha dashibodi hakihesabiki. Ulinzi huu ni wa mpitaji, na mahakama zimeufinya. Mwaka 2005 msafiri wa Utah aliyekuwa akielekea Pennsylvania kwa ndege alikwama Newark, New Jersey. Akapewa begi lake lenye bastola iliyofungiwa sandukuni, akalala hotelini, na asubuhi akaitangaza kwenye kaunta ya ndege, kama sheria inavyotaka. Alikamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipodai fidia mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2010 kwamba usiku ule hotelini begi lilikuwa karibu na mkono wake, hivyo ulinzi haukumhusu. Kwa mantiki ya hukumu hiyo alipaswa kukataa kulipokea begi. Ni abiria gani anayejua hilo saa 4 za usiku?

Viwanja vya ndege vina hesabu yao. Mwaka 2023 wakaguzi walikuta silaha 6,737 kwenye vizuizi vya ukaguzi wa abiria, nyingi zikiwa na risasi ndani. Kibali hakimruhusu mtu kupita na silaha hapo, hata awe na vya majimbo 10. Hakimfikishi popote Canada wala Mexico, wala ndani ya ofisi ya posta. Ardhi za mataifa ya Wenyeji wa Marekani zina sheria zao pia.

Kuhama ni jambo gumu kuliko kusafiri, na watu hulifikiria mwisho, wakati lori la mizigo limeshapakiwa. Siku unapokuwa mkazi wa jimbo jipya, kibali cha zamani kinaweza kubadilika tabia. Cha Utah kinaendelea, mradi utoe taarifa ya anwani. Kwingine ukazi ukiisha na kibali kimekwisha. Jimbo jipya nalo, lililokitambua kibali chako ulipokuwa mgeni, linaweza kuacha kukitambua kwa kuwa sasa wewe ni mwenyeji unayetakiwa kuomba cha hapo. Aliyehamia Illinois ana siku 60 za kupata kitambulisho cha jimbo cha mwenye silaha, na hicho ni cha kumiliki tu. Cha kubeba kinahitaji mafunzo ya saa 16 na ada ya dola 150. Aliyehamia California ana siku 60 za kutoa taarifa ya silaha alizoingia nazo, na zipo zisizoruhusiwa kuingia kabisa. New York inataka leseni hata kwa bastola inayokaa kabatini. Anayehamia huko aombe kwanza, na bastola ibaki nyuma kwa njia halali hadi leseni itoke.

Bunge la Marekani limejaribu kuyamaliza haya. Mwaka 2004 lilipitisha sheria inayowaruhusu polisi, walio kazini na wastaafu waliotimiza masharti, kubeba silaha nchi nzima. Kwa raia wa kawaida limeshindwa. Mwaka 2009 Seneti ilipiga kura 58 kwa 39, ikakosa 60 zilizohitajika. Desemba 2017 Bunge la Wawakilishi lilipitisha muswada kwa 231 dhidi ya 198, na Seneti haikuupigia kura. Mwaka 2025 mbunge Richard Hudson wa North Carolina aliuwasilisha tena.

Muswada huo una kasoro moja kubwa. Unalilazimisha kila jimbo kukubali anachoruhusiwa mgeni kwao, hata kama kwao hakuna mafunzo wala kibali. Maana yake kiwango cha nchi nzima kitakuwa kile cha jimbo legevu kuliko yote. Illinois inayomtaka mkazi wake kusoma saa 16 ingempokea mgeni ambaye hajasoma hata dakika moja. Siuungi mkono. Lakini hali ya sasa nayo siwezi kuitetea. Kumfunga miaka 3 na nusu mzazi asiye na rekodi, aliyemwambia askari ukweli, hakumlindi mtu yeyote New Jersey. Majimbo makali yanaweza kubaki makali na bado yakaweka adhabu ya faini, pamoja na amri ya kuifungia silaha na kuondoka nayo, kwa mgeni mwenye kibali halali cha kwao ambaye hakumtishia mtu. Hilo halihitaji kura 60 za Seneti.

Nawaandikia hasa Waswahili walioko huko. Wakongomani, Wakenya, Watanzania na Warundi wengi wanaishi Texas, Ohio, Kentucky na Iowa, na kazi ya lori imewapa wengi wao riziki. Lori huvuka majimbo matano kwa siku mbili, na kampuni nyingi zinakataza silaha ndani yake. Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bastola. Mwenye viza ya mwanafunzi au ya matembezi, kwa kawaida, haruhusiwi. Jambo linalosahaulika ni hili: sheria ya uhamiaji inasema mgeni yeyote akitiwa hatiani kwa kosa la kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria anaweza kufukuzwa nchini, awe na grini kadi au asiwe nayo. Yule mama wa Philadelphia alikuwa Mmarekani, akasamehewa na gavana. Kosa lilelile kwa baba wa Kikongo mwenye grini kadi lingeweza kumtenga na watoto wake kabla gavana yeyote hajashika kalamu.

Kuna pia hatari ya barabarani yenyewe. Julai 2016, Minnesota, Philando Castile, mtu mweusi mwenye kibali halali cha jimbo hilohilo, alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Askari alimpiga risasi, akafa. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwachia huru askari huyo. Castile alikuwa na kila karatasi iliyotakiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na sababu ya kweli ya kusafiri na bastola, soma sheria ya kila jimbo utakalokanyaga kwenye tovuti ya polisi au ya mwanasheria mkuu wa jimbo lenyewe, wiki hiyohiyo ya safari. Usimwulize muuza bunduki. Palipo na shaka, toa risasi, ifungie kwa kufuli, iweke kwenye buti, na usilale njiani katika jimbo lisilokutambua. Kabla ya kuhama, mlipe wakili saa moja. Na kama bado hujaapa uraia, iache nyumbani.